Ganzi na mapigo ya moyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hivi ni kweli dawa ya ganzi ya jino ndo hiyohiyo wanayopewa watu wa moyo?

Ni kweli kabisa. Dawa inaitwa lidokeini, wengine wanaiita lignokeini, kitu kimoja majina mawili. Daktari wa meno anaichoma kwenye fizi, mkunga anaichoma kabla ya kushona, na watu wa dharura wanaipitisha kwenye mshipa wa damu pale vyumba vya chini vya moyo vinapoanza kupiga ovyo. Tofauti ni njia ya kuingilia, kipimo, na chupa yenyewe, manake zile chupa za ganzi zilizochanganywa adrenalini haziruhusiwi kabisa kupitishwa kwenye mshipa. Kwa hiyo ukiona faili la mgonjwa wa moyo limeandikwa lidokeini usidhani mtu kakosea.

Sasa dawa moja inawezaje kutia ganzi fizi na pia kutuliza moyo?

Kwa sababu neva na misuli ya moyo vyote vinafanya kazi kwa umeme wa aina moja. Kila seli ya neva na ya moyo ina milango midogo sana kwenye utando wake, sodiamu inapita hapo kuingia ndani, mlango ukifunguka sodiamu inamiminika, chaji ya seli inageuka, seli ya jirani nayo inashtuka, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa njia. Lidokeini inaziba mlango huo kwa upande wa ndani. Ukiziba kwenye neva ya fizi, taarifa ya maumivu haifiki kwenye ubongo, ukiziba kwenye moyo, zile seli zinazorusha mapigo yasiyo na mpangilio zinashindwa kurusha.

Milango hiyo ipo ya aina tisa mwilini, aina iliyojaa kwenye moyo sio ileile iliyojaa kwenye neva za maumivu, ila zinafanana mno na lidokeini haichagui sana.

Kuna jambo moja hapa mimi naona ndo ufunguo wa somo zima. Mwaka 1977 Bertil Hille kwa upande wake, na Luc Hondeghem na Bertram Katzung kwa upande wao, walieleza kwamba dawa hizi zinashika mlango kutegemea mlango uko katika hali gani. Mlango uliopumzika haushikwi sana, uliofunguka au uliochoka baada ya kufunguka unashikwa kwa nguvu. Sasa fikiria misuli ya moyo iliyokosa damu, chaji yake imeshashuka, milango mingi imekaa katika hali ya kuchoka, na ndo hapo lidokeini inaganda, wakati misuli mizima inaguswa kidogo tu kwa kuwa dawa inaachia mlango haraka kabla pigo linalofuata halijafika. Ndo maana dawa hii inafaa kwa vyumba vya chini, hasa vilivyoumia, na kwa vyumba vya juu haisaidii kitu cha maana.

Nani aliigundua?

Stockholm, Sweden. Miaka ya 1930 kwenye maabara ya Hans von Euler walikuwa wanachunguza kemikali ya kwenye shayiri inaitwa gramini, wala hawakuwa wanatafuta ganzi, Holger Erdtman akatengeneza kemikali ndugu yake, akaionja, ulimi ukafa ganzi. Nils Löfgren akaendelea kutengeneza moja baada ya nyingine, na mwaka 1943 yeye na kijana mwenzake Bengt Lundqvist wakapata lidokeini, Lundqvist akawa anajichoma mwenyewe kuijaribu. Kampuni ya Astra ikainunua, ikaingia sokoni mwaka 1948 kwa jina la Xylocaine.

Kabla ya hapo kulikuwa na kokeini, ambayo Carl Koller aliitumia kwenye upasuaji wa macho mwaka 1884 kule Vienna, halafu ikaja prokeini ya Alfred Einhorn mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kokeini inaleta uraibu na inabana mishipa ya moyo, prokeini inachelewa kushika na inaisha mapema. Lidokeini ikazipita zote mbili.

Ilifikaje kwenye moyo?

Prokeini ndo iliyofungua njia. Miaka ya 1930 madaktari wa upasuaji waligundua kwamba ukipaka prokeini juu ya moyo wakati kifua kiko wazi, moyo unapunguza kurukaruka. Shida ni kwamba damu inaivunja prokeini ndani ya dakika chache, wakaibadilisha kidogo muundo ikawa prokainamidi, ikaanza kutumika kama dawa ya mapigo kuanzia 1951 na mpaka leo ipo. Mwaka 1950 timu moja Marekani ikaandika kuhusu lidokeini iliyotumika moyo ulipovurugika katikati ya kipimo cha kupitisha mrija moyoni. Miaka ya 1960 zilipoanza wodi maalumu za wagonjwa wa moyo, zenye mashine ya kuonyesha mapigo kitandani, lidokeini ikawa ndo dawa ya mkono wa kwanza.

Kwa nini sasa hawapewi watu wote wenye shambulio la moyo ili kuzuia mapema?

Walipewa, kwa miaka mingi tu. Wazo lilikuwa zuri: shambulio la moyo linaua kwa sababu vyumba vya chini vinaanza kutetemeka badala ya kusukuma damu, lidokeini inazuia kutetemeka, basi mpe kila mtu akifika tu. Na kweli majaribio yalionyesha mtetemo unapungua. Ila walipokuja kukusanya majaribio yote kwa pamoja miaka ya 1980 wakakuta vifo havikupungua, na namba zilikuwa zinaelekea upande wa kuongezeka, pengine kwa sababu baadhi ya mioyo ilisimama kabisa. Zoezi la kumpa kila mtu likaachwa. Leo inatolewa tatizo likishatokea.

Utafiti wa CAST ni upi, mbona kila mtu wa moyo anautaja?

Hili swali nalijibu kwa urefu, na naomba ulisome hata kama mengine utayaruka.

Mtu akishapona shambulio la moyo mara nyingi moyo wake unakuwa na mapigo ya ziada, yanaonekana kwenye ECG, yaani karatasi inayochora umeme wa moyo, hata kama yeye hasikii chochote. Ilijulikana kwamba wenye mapigo mengi ya ziada wanakufa zaidi ya wasiokuwa nayo. Sasa zikaja dawa za vidonge, enkainidi na flekainidi, ambazo zinaziba milango ya sodiamu kwa nguvu kuliko lidokeini na zinaachia taratibu sana, na zilikuwa zinafuta hayo mapigo ya ziada vizuri mno, karatasi ya ECG inatoka safi. Madaktari wakawa wanaziandika, na ilikuwa ni jambo la kueleweka kabisa, nani asingetaka mgonjwa wake awe na ECG safi?

Utafiti wa CAST ulianza mwaka 1987 Marekani ili kuhakikisha. Kwanza walimjaribisha kila mgonjwa dawa, wale ambao mapigo ya ziada yalizimika ndo waliogawanywa, nusu waendelee na dawa, nusu wapewe kidonge kisicho na dawa ndani, bila wao wala daktari wao kujua nani yuko wapi. Aprili 1989 ikabidi sehemu ya dawa hizo mbili isimamishwe kabla ya wakati. Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: kati ya 755 waliokuwa kwenye enkainidi au flekainidi walikufa 63, kati ya 743 wa kidonge kitupu walikufa 26. Wastani wa kufuatiliwa ulikuwa miezi 10 tu. Na kumbuka hawa ni watu ambao kwa macho ya ECG dawa "iliwasaidia".

Kwa nini? Maelezo yanayokubalika ni kwamba moyo wenye kovu una njia za umeme zilizopinda na kukatika, ukipunguza kasi ya umeme kwa dawa kali hapo, umeme unapata muda wa kuzunguka ukarudi ulipotoka, ukaanza kuzunguka bila kukoma, na misuli ikipungukiwa damu tena kidogo ndo basi. Yaani dawa ya kutuliza mapigo inazaa mapigo mabaya zaidi.

Kilichonigusa kwenye utafiti huu ni kwamba bila lile kundi la kidonge kitupu hakuna mtu angejua. Daktari mmoja mmoja mgonjwa wake akifa angesema ni ugonjwa wa moyo, si alikuwa nao tayari. Wakajaribu na dawa ya tatu, morisizini, nayo ikasimamishwa, matokeo yakatoka 1992. Kwa hiyo ukisoma utafiti wowote wa dawa ya moyo usiishie kwenye mstari wa "ilipunguza mapigo ya ziada", shuka chini utafute waliokufa ni wangapi kila upande.

Basi flekainidi ni sumu?

Hapana, na tafadhali usije ukaacha dawa yako kwa sababu ya nilichoandika hapo juu. Flekainidi bado inatumika na inasaidia sana watu ambao moyo wao hauna kovu wala haujadhoofika, hasa wenye mapigo ovyo ya vyumba vya juu. Kilichobadilika ni kwamba daktari anahakikisha kwanza moyo hauna historia ya shambulio, mara nyingi kwa kupiga picha ya moyo kabla ya kuandika. Ukiona unaulizwa maswali mengi kabla ya kupewa, ndo sababu.

Dawa za mapigo ziko za aina ngapi?

Mpangilio unaotumika zaidi ni wa Miles Vaughan Williams wa Oxford, makundi manne. La kwanza ni wazibaji wa milango ya sodiamu, humo kuna kwinidini, prokainamidi, lidokeini, meksiletini, flekainidi na propafenoni. La pili ni zinazozuia adrenalini, hizi za akina propranololi na bisoprololi, na kwa kweli ndo zenye ushahidi mzuri wa kupunguza vifo baada ya shambulio la moyo. La tatu ni zinazogusa potasiamu, amiodaroni na sotaloli. La nne verapamili na diltiazemu, upande wa kalsiamu. Digoksini na adenosini haziingii kwenye mpango huo, na amiodaroni yenyewe inafanya kazi za makundi yote manne, kwa hiyo usiuchukulie kama sheria.

Moyo ukisimama ghafla, ipi bora, amiodaroni au lidokeini?

Mwaka 2002 utafiti wa Toronto unaoitwa ALIVE ulionyesha amiodaroni inafikisha watu wengi zaidi hospitali wakiwa hai, asilimia 22.8 dhidi ya 12.0 za lidokeini. Watu wakashangilia, lidokeini ikasukumwa pembeni. Lakini kufika hospitali sio kutoka hospitali, na waliotoka wakiwa hai hawakutofautiana kwa kiasi cha kuaminika.

Halafu mwaka 2016 ukaja utafiti mkubwa zaidi, watu 3,026 ambao moyo ulisimama wakiwa nje ya hospitali na shoti ya umeme haikutosha kuwarudisha. Waliotoka hospitali wakiwa hai walikuwa asilimia 24.4 kwa amiodaroni, 23.7 kwa lidokeini, na 21.0 kwa waliopewa maji matupu. Kitakwimu hiyo tofauti haikutosha kusema dawa zimeshinda. Ila kwa wale ambao kuna mtu pembeni aliwaona wakianguka dawa zote mbili zilisaidia, karibu asilimia 28 kila moja dhidi ya karibu 23, na inaleta mantiki kwa sababu dawa iliwafikia mapema. Mwongozo wa Marekani wa 2018 ukairudisha lidokeini iwe sawa na amiodaroni.

Lakini hakuna dawa hata moja hapo inayoshinda kukandamiza kifua mapema na kupiga shoti mapema, hivi viwili ndo vinavyookoa, na kukandamiza kifua hakuhitaji leseni.

Nasikia kuna ganzi inayoweza kusimamisha moyo, ni kweli?

Hiyo ni bupivakeini, ambayo inatumika sana kwenye ganzi ya mgongo na ganzi za kushika muda mrefu. Ikichomwa mahali pake kwa kipimo chake ni dawa nzuri sana, tatizo ni ikiingia kwa wingi kwenye mshipa wa damu. Mwaka 1979 daktari wa nusu kaputi anaitwa George Albright aliandika kuhusu wagonjwa ambao moyo ulisimama ghafla baada ya bupivakeini au etidokeini na kuwarudisha ikawa kazi ngumu mno. Baadaye Marekani wakasitisha ile ya asilimia 0.75 kwa wajawazito.

Utafiti wa 1985 ulieleza kwa nini: lidokeini inaingia kwenye mlango wa moyo haraka na kutoka haraka, bupivakeini inaingia haraka ila inatoka taratibu, kwa hiyo kila pigo linakuta milango bado imezibwa na inazidi kuzibwa. Ndo zikatengenezwa ropivakeini na levobupivakeini, ambazo moyo unazivumilia kidogo zaidi. Kidogo zaidi, sio kwamba hazina hatari.

Eti mafuta yanatibu sumu ya ganzi?

Ndio, na hii ni moja ya habari ninazozipenda kuliko zote kwenye fani hii. Guy Weinberg, daktari wa nusu kaputi Marekani, alikuwa anajaribu kuelewa kwa nini mgonjwa mmoja aliathirika na bupivakeini kidogo tu, akawapa panya mafuta yale meupe ya kulisha wagonjwa kupitia mshipa akitegemea yataongeza sumu, yakafanya kinyume chake, ikabidi bupivakeini nyingi zaidi kuwaua. Akachapisha 1998. Mwaka 2003 ikathibitika kwa mbwa, na mwaka 2006 ikaripotiwa mara ya kwanza kwa binadamu ambaye alikuwa ameshakandamizwa kifua kwa zaidi ya dakika 20 bila mafanikio, wakampa mafuta, moyo ukarudi.

Inavyofanya kazi, mafuta yanaivuta dawa kutoka kwenye moyo na ubongo na kuisafirisha mpaka kwenye misuli na ini. Yanatumika ya asilimia 20, kuanza na mililita 1.5 kwa kila kilo ya uzito, halafu drip. Adrenalini inapunguzwa, chini ya maikrogramu 1 kwa kilo, tofauti na moyo uliosimama kwa sababu nyingine. Propofoli, ile dawa ya usingizi, sio mbadala ingawa nayo ni nyeupe na ina mafuta. Chumba chochote kinachochoma ganzi kubwa kinatakiwa kiwe na mafuta hayo karibu, sio kwenye stoo iliyofungwa.

Kipimo cha lidokeini kinachukuliwa ni kikubwa kuanzia wapi?

Kiwango kinachofundishwa ni miligramu 4.5 kwa kilo bila adrenalini, na 7 kwa kilo ikiwa na adrenalini kwa sababu inabana mishipa na dawa inaingia damuni polepole. Dawa ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa mililita, kwa hiyo mtu wa kilo 60 bila adrenalini mwisho wake ni mililita 13.5. Kichupa kimoja cha daktari wa meno cha mililita 1.8 kina miligramu 36 tu, yaani uko mbali sana na hatari. Mahali pa kuchoma nako kuna neno, katikati ya mbavu dawa inanyonywa haraka kuliko chini ya ngozi.

Wenye ini bovu au moyo uliodhoofika, dawa inakaa mwilini muda mrefu kwa sababu ini ndo linaivunja na moyo ndo unaipeleka kwenye ini. Propranololi na simetidini, dawa ya asidi ya tumbo, nazo zinaichelewesha kutoka.

Dalili za kuzidiwa ni zipi?

Mara nyingi zinaanza ganzi kuzunguka midomo na ulimi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kizunguzungu, maneno kuwa mazito. Halafu degedege, kupoteza fahamu, na mwisho moyo. Kwa bupivakeini moyo unaweza kutangulia. Ukichomwa ukaanza kusikia masikio yanavuma sema hapohapo, usione aibu kumkatisha daktari.

Nilichomwa ganzi moyo ukaenda mbio, nina aleji?

Uwezekano mkubwa ni adrenalini iliyochanganywa humo, au hofu ya sindano, na inapita baada ya dakika chache. Aleji ya kweli ya lidokeini ni nadra sana. Kundi la akina prokeini ndo lenye aleji zaidi. Ukipata vipele mwili mzima, uso kuvimba au kubanwa kifua, hilo ni jambo jingine na linatakiwa kuandikwa kwenye faili lako.

Mgonjwa wa moyo achomwe ganzi ya jino au aache?

Achomwe. Jino linalouma linapandisha adrenalini ya mwili wenyewe kuliko ile ya kwenye kichupa. Muhimu ni kumwambia daktari unatumia dawa gani za mapigo, kama una pesimeka, na kama umewahi kuambiwa una ugonjwa wa Brugada, ambao ni hitilafu ya umeme wa moyo, manake hapo bupivakeini na dawa kadhaa za kuziba sodiamu zinaepukwa.

Kwa nini ganzi haishiki kwenye jipu?

Usaha una asidi. Ili dawa ipenye ndani ya neva inatakiwa isiwe na chaji, kwenye mwili wa kawaida karibu robo ya lidokeini iko hivyo, penye asidi inapungua sana. Ndo maana wanachoma pembeni.

Jeli ya lidokeini kwa mtoto anayeota meno je?

Hapana. Mwaka 2014 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliweka onyo kali baada ya watoto kupata degedege na madhara ya moyo, na wengine kufariki. Mtoto anaimeza, na kilo zake ni chache.

Kuna lidokeini ya kidonge?

Haipo ya kutibu mapigo, kwa sababu ini linaivunja nyingi kabla haijafika kwenye mzunguko, inabaki karibu theluthi. Ndugu yake wa kumeza ni meksiletini, ambayo inatumika kwa aina fulani ya ugonjwa wa kurithi unaoitwa long QT, ambapo moyo unachelewa kujiweka sawa baada ya kila pigo, na kwa wale ambao misuli inakaza ikashindwa kuachia, na huko kote shida inaanzia kwenye umeme wa seli.

Utafiti unaelekea wapi sasa hivi?

Kuna mmoja ningependa watu wengi waujue. India, chini ya hospitali ya saratani ya Tata Memorial, wanawake 1,583 wenye saratani ya titi ya mapema, nusu walichomwa lidokeini ya asilimia 0.5 kuzunguka uvimbe dakika chache kabla ya kukatwa, nusu hawakuchomwa. Matokeo ya 2023: baada ya miaka 5 waliokuwa hai ni asilimia 90.1 dhidi ya 86.4. Fikra yao ni kwamba seli za saratani nazo zina milango ya sodiamu na zinaitumia kusambaa. Dawa ni ya bei ndogo, haina hati miliki, na inapatikana karibu kila chumba cha upasuaji. Hawakumpa kidonge kitupu wala maji kundi la pili, na huo ni upungufu, kwa hiyo inatakiwa irudiwe mahali pengine kabla ya kuwa kawaida, na mimi natamani irudiwe haraka, kwa kuhesabu kitu kilekile walichohesabu wao: waliobaki hai.